Volumu ya Raspberry Pi ikigoma, anzia kwenye chipu

Maswali ni yaleyale. "Muziki unapiga vizuri, ila nikivuta kitelezi cha sauti kwenye simu hakuna kinachobadilika." "MPD inaniandikia volume: n/a." "Nimeweka hardware kwenye mipangilio, mbona bado?" (MPD ni programu inayopiga muziki ndani ya Raspberry Pi.) Wanaouliza hivi wameshamaliza kazi ngumu: kompyuta ndogo inawaka, nyimbo zinaonekana, spika zinalia. Kilichobaki ni sauti kupanda na kushuka. Mwongozo huu unashughulikia hapo tu.

Utaratibu wake ni mmoja, na ukiushika utajikomboa hata kama kadi yako si kama yangu: kagua kutoka chini kwenda juu. Kwanza chipu, kisha Linux, kisha MPD, simu iwe ya mwisho. Wengi huanzia juu. Wanabadilisha programu ya simu hii na ile, wanafuta na kuweka upya mfumo mzima, kumbe chipu waliyonunua haikuumbwa na volumu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Raspberry Pi yenye pini 40, iwe 3, 4, 5 au Zero 2 W, yenye Raspberry Pi OS Lite. Toleo lenye madirisha linafanya kazi pia, lakini lina PipeWire, programu ya sauti inayokaa katikati na kuishika kadi. Kwa kicheza muziki sioni faida yake.
- DAC, yaani kadi inayogeuza namba za faili la muziki kuwa sauti. Inaweza kuwa ya kuchomeka juu ya pini au ya USB.
- Njia ya kuandika amri. SSH kutoka kwenye laptopu inatosha. Huna laptopu? Termux kwenye simu ya Android inafanya kazi hiyohiyo.
- Amplifaya yenye kitufe chake cha sauti, angalau kwa muda wa majaribio.
- Programu hizi:

```
sudo apt install mpd mpc alsa-utils i2c-tools
```

Ikiwa unatumia moOde au Volumio, ndani yake mna MPD hiyohiyo, kwa hiyo uchunguzi ni uleule. Ila usihariri faili la mpd.conf kwa mkono, maana mifumo hiyo huliandika upya yenyewe. Fanya mabadiliko kwenye kurasa zake za mipangilio.

Onyo kabla hujagusa kitu. Shusha amplifaya karibu na sifuri. Volumu ya chipu ikikaa vibaya, DAC hutoa sauti yake yote kwa mkupuo mmoja, na spika ndogo haina pa kukimbilia. Zima pia Raspberry Pi na chomoa umeme kabla ya kuchomeka au kuchomoa kadi.

1. Soma jina la chipu

Usisome jina la duka wala maandishi ya kwenye boksi. Soma maandishi yaliyo juu ya chipu yenyewe, kwa tochi ya simu na kamera iliyovutwa karibu.

PCM5102A ndiyo iliyojaa kwenye kadi za bei rahisi, hasa zile za zambarau. Haina njia ya kupokea maagizo ya volumu. Inapokea muziki, inautoa, basi. Ukiwa nayo, hakuna mstari wa mipangilio utakaoipa kile isichokuwa nacho, kwa hiyo ruka hadi hatua ya 6. ES9023 ni hivyohivyo.

PCM5122 ni ndugu yake mkubwa. Hii inasikiliza maagizo kupitia nyaya mbili za I2C na ina volumu ndani yake. HiFiBerry DAC+ na kadi nyingi zilizoigwa kutoka kwake hutumia chipu hii.

DAC za USB hazitabiriki. Nyingine zina volumu, nyingine hazina hata kidogo, na boksi halisemi. Jibu utalipata hatua ya 4.

Neno moja la pembeni, kwa sababu ubishi huu haukomi: volumu ya PCM5122 nayo ni hesabu ya namba, tofauti ni kwamba inafanyika ndani ya chipu. Hakuna kitufe cha siri kinachozunguka humo. Faida yake ni kwamba faili la muziki linafika kwenye chipu likiwa zima, halijapunguzwa njiani. Ni faida ya kweli, lakini si ya kumfanya mtu akeshe.

2. Hakikisha mfumo umeambiwa kadi sahihi

Fungua faili la mipangilio ya kuwasha:

```
sudo nano /boot/firmware/config.txt
```

Hapo ndipo lilipo tangu toleo la Bookworm la mwaka 2023. Kwenye matoleo ya zamani ni /boot/config.txt. Mwongozo wa zamani ukikupeleka huko kwenye mfumo mpya, utahariri faili lisilosomwa na mtu.

Kwa PCM5122 ya HiFiBerry au iliyoigwa kwake, weka:

```
dtoverlay=hifiberry-dacplus
```

Kwa PCM5102A:

```
dtoverlay=hifiberry-dac
```

Kosa linalojirudia kuliko yote lipo hapa. Mtu mwenye PCM5122 ananakili mstari wa pili kutoka kwenye video, na vidhibiti vya volumu havitokei kamwe, kwa sababu mstari huo unaiambia Linux kwamba chipu haina volumu. Herufi chache tu, plus ipo au haipo. Ukiwa na kadi ya mtengenezaji mwingine, tafuta jina lake ndani ya /boot/firmware/overlays/README, faili ambalo tayari unalo.

Ukiwa humo, zima sauti nyingine ili zisikuchanganye. Badilisha dtparam=audio=on iwe off, na kwenye mstari wa vc4-kms-v3d ongeza noaudio mwishoni:

```
dtparam=audio=off
dtoverlay=vc4-kms-v3d,noaudio
```

Hifadhi, kisha `sudo reboot`.

3. Uliza Linux kama imeiona kadi

```
cat /proc/asound/cards
```

Unatafuta jina kama sndrpihifiberry. Liandike pembeni, utalitumia hadi mwisho. Acha namba iliyo mbele yake. Namba hubadilika kadi nyingine ikiingia, jina halibadiliki.

Jina halipo? Usiendelee. Kwa PCM5122, washa I2C ndani ya `sudo raspi-config` kisha angalia kama chipu inaitika:

```
sudo i2cdetect -y 1
```

Kwenye DAC+ chipu hukaa anwani 4d. Ukiona UU mahali hapo, draiva imeishika, mambo ni mazuri. Ukiona 4d yenyewe, chipu ipo ila draiva haijaichukua, kwa hiyo rudi hatua ya 2. Ukiona vistari vitupu kote, tatizo ni mguso: kadi haijakaa sawasawa kwenye pini, au lehemu imeachia. Bonyeza kadi, kagua lehemu, jaribu tena.

4. Pandisha na kushusha kwa mkono, bila MPD

Hii ndiyo hatua inayomaliza ubishi wote, na ndiyo inayorukwa. Simamisha MPD kwanza ili iiachie kadi:

```
sudo systemctl stop mpd mpd.socket
amixer -c sndrpihifiberry scontrols
```

Utapata orodha ya vidhibiti. Kwa PCM5122 mna kadhaa, kama Analogue na Auto Mute, na tunachokitaka ni hiki:

```
Simple mixer control 'Digital',0
```

Kwenye DAC za USB kinaweza kuitwa PCM, Speaker au jina jingine. Orodha ikitoka tupu na chipu ni PCM5122, rudi hatua ya 2. Kwa chipu nyingine, orodha tupu maana yake kadi haina volumu. Nenda hatua ya 6 bila kinyongo.

Sasa washa sauti ya majaribio kwenye dirisha moja:

```
speaker-test -D plughw:CARD=sndrpihifiberry -c 2 -t wav
```

Na kwenye dirisha la pili:

```
amixer -c sndrpihifiberry sset Digital 80%
amixer -c sndrpihifiberry sset Digital 70%
```

Sauti ikishuka, chipu na Linux ni wazima. Kuanzia hapo kosa lolote liko juu, kwenye MPD au simu.

Angalia mtego wa asilimia, maana umewafanya wengi warudishe kadi dukani. Volumu ya Digital ina ngazi kutoka 0 hadi 207, kila ngazi ni nusu desibeli, na 207 ni desibeli 0, yaani sauti kamili bila kuongezwa. Ukiandika 50%, amixer inakupeleka katikati ya ngazi hizo, ambapo ni desibeli 51.5 chini ya sauti kamili. Hapo utasikia mnong'ono, au usisikie kitu. Hata 80% tayari ni desibeli 20.5 chini. Kadi haijafa. Ukitaka asilimia zinazofuata sikio, ongeza -M:

```
amixer -M -c sndrpihifiberry sset Digital 50%
```

Ukiona neno [off] kwenye jibu, kidhibiti kimezibwa. Kifungue hivi:

```
amixer -c sndrpihifiberry sset Digital unmute
```

5. Iambie MPD jina la kidhibiti

```
sudo nano /etc/mpd.conf
```

Tafuta sehemu ya audio_output. Mistari mingi ina alama ya # mbele, maana yake haisomwi. Iandike hivi:

```
audio_output {
    type           "alsa"
    name           "DAC"
    device         "hw:CARD=sndrpihifiberry,DEV=0"
    mixer_type     "hardware"
    mixer_device   "hw:CARD=sndrpihifiberry"
    mixer_control  "Digital"
}
```

Mistari mitatu ya chini huenda pamoja. Ukiweka mixer_type peke yake na kuacha mingine, MPD haibahatishi kwa akili. Inaenda kwenye kadi ya kawaida ya mfumo na kutafuta kidhibiti kinachoitwa PCM. PCM5122 haina jina hilo, kwa hiyo unabaki na n/a. Kuandika hardware bila kusema kidhibiti gani ndiko kunakoleta robo tatu ya maswali ninayoyaona.

Jina la mixer_control linakiliwe kama lilivyotoka kwenye scontrols, nafasi zake zikiwemo, bila koma na ile sifuri ya mwisho. Kama kuna audio_output nyingine zilizobaki kutoka kwenye majaribio ya zamani, zifunge kwa #.

Washa upya na ujaribu kwa mpc, amri inayoiendesha MPD:

```
sudo systemctl restart mpd.socket mpd
mpc volume 60
amixer -c sndrpihifiberry sget Digital
mpc volume 40
amixer -c sndrpihifiberry sget Digital
```

Usitegemee sikio peke yake hapa. Tazama desibeli za amixer. Zikibadilika kila unapogusa mpc, umemaliza, na programu yoyote ya simu inayoongea na MPD itafanya kazi bila kuguswa. Asilimia za mpc na za amixer zinaweza zisilingane. Ziache zisilingane.

6. Chipu isiyo na volumu

Kwenye audio_output ya hatua ya 5, ndani ya /etc/mpd.conf, badilisha mstari mmoja, na ufute mixer_device na mixer_control:

```
mixer_type  "software"
```

Washa upya MPD kama kwenye hatua ya 5. Sasa MPD inapunguza sauti yenyewe kabla ya kuituma. Wapo watakaokwambia umeharibu muziki. Hesabu yao si ya uongo: kila desibeli 6 unazoshusha hivi ni sawa na kupoteza biti moja. Lakini dawa yake ni nyepesi. Weka volumu ya MPD juu, sauti kubwa ya nyumba iamuliwe na kitufe cha amplifaya, na simu itumike kwa marekebisho madogo. Ukisikiliza namna hiyo kwenye spika za sebuleni, nakuahidi hutasikia kilichopotea.

Mwenye kadi ya zambarau ambaye hapati sauti kabisa, hilo si suala la volumu. Geuza kadi uangalie vituo vya lehemu vilivyo nyuma. Mguu wa XSMT ukiwa chini, chipu inajiziba mdomo. Kile cha namba 3 kinatakiwa kiwe upande wa H. Na pini ya SCK, usipoitumia, iungwe na GND.

7. Hifadhi

Volumu ya chipu haihifadhiwi na MPD. Inahifadhiwa na ALSA, sehemu ya Linux inayoshughulikia sauti, na kwa kawaida ni pale tu unapozima mashine kwa utaratibu. Umeme ukikatika ghafla, ikiwaka inarudi kwenye kiwango cha zamani, pengine cha juu kabisa, saa ambayo watoto wamelala. Weka volumu kwenye kiwango cha upole, kisha:

```
sudo alsactl store
```

8. Kitufe cha kuzungusha, kwa anayetaka

Moduli ya KY-040 ni rahisi na inapatikana kwa wauza vipuri vya elektroniki. Unganisha CLK na GPIO 23 (pini ya 16), DT na GPIO 24 (pini ya 18), + na volti 3.3 (pini ya 17), GND na pini ya 20.

Usiunganishe + na volti 5. Moduli hiyo inarudisha umeme uleule kwenye CLK na DT, na pini za Raspberry Pi hazivumilii zaidi ya 3.3. Usitumie pia GPIO 18, 19, 20 na 21, kwani muziki wenyewe unapita humo kwenda kwenye DAC, wala GPIO 2 na 3 zinazobeba I2C. Aliyeunganisha kitufe kwenye 18 huja akilalamika kwamba sauti inakwaruza kila anapozungusha. Lazima ikwaruze.

```
sudo apt install python3-gpiozero python3-lgpio
```

Kisha faili dogo, tuseme kitufe.py:

```
from gpiozero import RotaryEncoder
from subprocess import run
from signal import pause

k = RotaryEncoder(23, 24, max_steps=0)
k.when_rotated_clockwise = lambda: run(["mpc", "-q", "volume", "+2"])
k.when_rotated_counter_clockwise = lambda: run(["mpc", "-q", "volume", "-2"])
pause()
```

Endesha kwa `python3 kitufe.py`. Kikienda kinyume, badilishana nyaya za CLK na DT. Usikiunganishe kabla hatua ya 5 haijakubali, la sivyo utakuwa unatafuta kosa sehemu mbili kwa wakati mmoja.

Bado inagoma?

*mpc inaonyesha volume: n/a.* Soma `sudo journalctl -u mpd -n 30`. Ukikuta "no such mixer control", jina la kidhibiti au la kadi limekosewa. Ukikuta habari za ruhusa, mtumiaji mpd hayumo kwenye kundi la audio: `sudo usermod -aG audio mpd`, kisha washa upya.

*Namba zinapanda na kushuka, sauti imesimama palepale.* Mstari wa device na wa mixer_device vinataja kadi mbili tofauti. Muziki unatoka kwenye DAC, volumu inabadilishwa kwenye kadi nyingine.

*Ilikuwa sawa jana, leo baada ya kuwasha imegoma.* Uliandika hw:0 au hw:1, na kadi zimebadilishana namba. Tumia jina.

*Sauti inapanda au kushuka yenyewe kati ya wimbo na wimbo.* Tafuta replay_gain_handler kwenye mpd.conf. Ikiwa ni "mixer", MPD inatumia kidhibiti chako hichohicho kusawazisha nyimbo. Badilisha iwe "software" au "none".

*Sauti kubwa inapasuka.* Angalia kama mstari wa dtoverlay una 24db_digital_gain. Hiyo inaondoa kizuizi cha ngazi ya 207 na kuruhusu chipu kuongeza hadi desibeli 24 juu ya sauti kamili. Iondoe. Sijaona kicheza muziki cha nyumbani kinachoihitaji.

*"Device or resource busy".* Kuna programu nyingine imeishika kadi. Kwenye mfumo wenye madirisha mtuhumiwa wa kwanza ni PipeWire. Kwenye Lite, mara nyingi ni speaker-test uliyoisahau kwenye dirisha la pili.

*Volumu inajibadilisha nikituma muziki kutoka iPhone.* shairport-sync, programu inayopokea muziki huo wa iPhone, nayo huenda imepewa mixer_control_name ya Digital, kwa hiyo programu mbili zinagombea kidhibiti kimoja. Iachie MPD, na kwenye mipangilio ya shairport-sync weka # mbele ya mstari huo ili itumie volumu yake ya ndani.

Ukienda kuomba msaada baada ya haya yote, usiandike tu "haifanyi kazi". Taja maandishi yaliyo juu ya chipu, halafu bandika majibu ya amri hizi tatu jinsi yalivyotoka, pamoja na sehemu yako ya audio_output:

```
cat /proc/asound/cards
amixer -c sndrpihifiberry scontrols
sudo journalctl -u mpd -n 30
```